Ndege, gari au treni: jinsi mashariki ya Kongo ilivyobaki na njia moja tu

Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kiwanja cha ndege cha mji huo kilifungiwa ndege za abiria. Katikati ya Februari, kile cha Kavumu, karibu na Bukavu, nacho kikafuata. Mwezi huohuo serikali ya Kinshasa ilizuia ndege zilizoandikishwa Rwanda kupita katika anga la Kongo. Ndani ya majuma machache, mkaaji wa Goma mwenye mgonjwa wa kupeleka Kinshasa, au mwenye msiba wa kuwahi, akabaki na swali moja: apite wapi?

Wenye uwezo walivuka mpaka hadi Kigali, wakapanda ndege ya Nairobi au Addis Ababa, na kutoka huko ndipo wakaelekea Kinshasa. Wengine walizunguka kwa gari kupitia Uganda, wakaingia tena Kongo kwa mpaka wa Kasindi, wakafika Beni na kutafuta ndege katika kiwanja cha Mavivi. Mtu anatoka Kongo, anakanyaga nchi moja, mbili au tatu, ili afike Kongo.

Wazee wanajua kwamba hii si mara ya kwanza. Lakini wanajua pia kwamba kuna wakati kiwanja kimoja kikifungwa, msafiri alikuwa na njia nyingine.

Enzi ya treni na meli

Kabla ya ndege, mashariki ya Kongo ilifunguliwa kwa maji na reli. Mwaka 1906 reli ilimalizika kati ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Ponthierville, yaani Ubundu, ili kukwepa maporomoko ya mto. Mwaka 1911 kipande kingine kilifunguliwa kati ya Kindu na Kongolo. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ikafika Albertville, Kalemie ya leo, kando ya ziwa Tanganyika.

Kalemie ilikuwa mlango. Ng'ambo ya ziwa, reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Msafiri alishuka kwenye treni, akapanda meli, akavuka ziwa, akapanda treni nyingine hadi bahari ya Hindi. Mwaka 1921 Wabelgiji walikubaliana na Waingereza kupata sehemu zao za bandari huko Kigoma na Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya Kongo.

Ila reli hizi hazikuwa na upana mmoja. Ile ya Kalemie na Kindu ilikuwa ya mita moja, na ile ya Katanga ilizidi kidogo. Behewa la huku halikuweza kutembea kule. Katika miaka ya 1950 upana ulilinganishwa, na mwaka 1956 kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaziunganisha. Kuanzia hapo mtu aliweza kutoka Lubumbashi hadi Kindu au Kalemie kwa treni.

Kivu yenyewe ilipata kidogo sana. Bonde la Ruzizi lilikuwa na reli fupi kutoka Kalundu, bandari ya Uvira, hadi Kamanyola, nayo ilifungwa kabla ya uhuru. Goma na Bukavu hazikuwahi kuona treni. Zilitegemea barabara, na boti za ziwa Kivu.

Barabara ikageuka kiwanja

Baada ya uhuru barabara ziliachwa bila matunzo. Mvua ilikula madaraja, mashimo yakameza malori, na safari ya siku moja ikawa ya juma zima. Ndipo watu wakatazama juu. Air Congo, iliyoanzishwa mwaka 1961 na baadaye kuitwa Air Zaïre, iliunganisha miji ambayo gari halikuweza kuifikia. Ilipokufa mwaka 1995, makampuni madogo yenye ndege kuukuu yakachukua nafasi.

Mfano wa Walikale unaeleza yote. Huko Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami, zikapakia kasiterite na kuruka kuelekea Goma. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya magari ikawa kiwanja cha ndege, kwa sababu mbele na nyuma yake gari halikuwa na pa kupita.

Njia ya juu nayo ilikuwa na bei yake. Mwaka 2002 volkano Nyiragongo ilifunika kwa lava sehemu ya kiwanja cha Goma. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku karibu ndege zote za Kongo kwa sababu za usalama. Aprili 2008 ndege ya abiria iliyokuwa ikiondoka Goma iliangukia mtaa wa Birere, na makumi ya watu wakafa. Kuanzia mwaka 2009 kila abiria wa ndani alilipa pia Go-Pass ya dola 10, fedha iliyoelezwa kuwa ya kutengeneza viwanja.

Watu waliendelea kupanda, kwa kuwa chini hakukuwa na amani. Katika barabara ya Goma hadi Rutshuru, balozi wa Italia aliuawa karibu na Kibumba tarehe 22 Februari 2021, pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongo. Raia wengi wameuawa au kutekwa kwenye barabara hiyohiyo bila dunia kujua majina yao.

Mwaka 1998 ulikwisha kuonya

Agosti 1998, siku chache tu baada ya vita kuanza, askari walipakiwa katika ndege za abiria pale Goma na kupelekwa Kitona, upande wa pili wa nchi. Nchi ikagawanyika. Kwa miaka karibu mitano mtu wa Goma au Bukavu aliyetaka kwenda Kinshasa alizungukia nchi jirani, kama vile ilivyokuwa tena mwaka 2025. Treni ya Kindu nayo ilikatwa. Ilifika tena kutoka Lubumbashi mwaka 2004.

Baada ya amani, viwanja vilitengenezwa kwanza. Reli ilibaki na vyuma vya kale, na ajali zake, kama ile ya karibu na Kamina Aprili 2014, ziliua makumi ya watu. Barabara ya kutoka Kivu hadi Kinshasa haikupatikana.

Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, ilitangazwa kwamba kiwanja cha Goma kingefunguliwa kwa misaada ya kibinadamu. Pande zinazopigana zikaanza mara moja kubishana nani mwenye ruhusa ya kukifungua. Mabishano hayo yanaonyesha ugonjwa wenyewe. Kiwanja ni mlango mmoja, na mwenye kushika ufunguo anashika mji mzima. Kukifungua ni jambo la lazima, lakini mji wenye mlango mmoja utafungwa tena siku nyingine. Barabara salama, boti na reli zilizo hai ndizo zinazomnyima mtu yeyote uwezo wa kuwafungia raia ndani.