Njaa ya vitabu: miaka 10 ya mkataba uliopiganiwa na wasioona

Tarehe 30 Septemba 2026 Mkataba wa Marrakesh unatimiza miaka 10 tangu uanze kutumika. Wananchi wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kuusikia. Hata hivyo, ndio uliofungua njia ya kisheria ili kitabu kilichotayarishwa kwa ajili ya msomaji asiyeona Dodoma kimfikie mwenzake wa Thika au Kampala, bila maktaba yoyote kuhesabiwa kuwa imeiba kazi ya mwandishi. Kumbukumbu nyingi za namna ulivyopatikana zimehifadhiwa na Shirikisho la Wasioona Duniani, ambalo ndilo lililoubeba tangu mwanzo. Historia yenyewe ni ya watu waliochoka kusubiri kusomewa.

Maandishi ya nukta nundu yana umri wa miaka mia mbili. Louis Braille, kijana wa Kifaransa aliyepoteza uwezo wa kuona utotoni, aliyabuni mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Kwetu yaliletwa na wamisionari. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946, Waanglikana wakaanzisha ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Mwaka 1956 Kenya ikapata chama chake cha wasioona, kilichoundwa kwa sheria.

Asiyewahi kuona nukta nundu zikiandikwa hawezi kukisia kazi iliyomo. Mwanafunzi hubana karatasi nene katikati ya vibao viwili vya chuma vyenye vitundu, akashika sindano yenye mpini na kuchoma nukta moja baada ya nyingine. Huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu karatasi lazima igeuzwe ndipo nukta zitokeze juu na kidole kiweze kuzisoma. Mashine ya Perkins yenye vitufe sita vya nukta huharakisha kazi, ila ni nzito na ni ghali. Kitabu cha kiada ambacho mtoto anayeona hukitia mfukoni huwa majuzuu kadhaa manene, na rafu nzima huweza kujazwa na masomo ya kidato kimoja. Walimu wa shule hizi wamekesha miaka mingi wakinakili vitabu kwa mikono yao, nami naona kazi hiyo haijapata kushukuriwa inavyostahili.

Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa sheria za hakimiliki, nakala ni nakala. Iwe ya nukta nundu au ya sauti, kuitengeneza bila ruhusa ya mwenye kitabu lilikuwa kosa katika nchi nyingi. Utafiti uliofanywa na Shirika la Miliki Bunifu Duniani, WIPO, mwaka 2006 ulikuta nchi zisizofika 60 ndizo zilizokuwa na kifungu cha kuwaruhusu wasioona. Hata penye ruhusa, nakala haikutakiwa kuvuka mpaka. Shirikisho la Wasioona Duniani likakadiria kwamba kati ya vitabu vyote vilivyochapishwa duniani, ni asilimia 1 hadi 7 tu vinavyopatikana katika namna ambayo asiyeona anaweza kusoma. Hali hiyo likaiita njaa ya vitabu.

Mfano uliotajwa sana ni wa nchi zinazosema Kihispania. Hispania ilikuwa na zaidi ya vitabu 100,000 vilivyokwisha kutayarishwa, Argentina zaidi ya 60,000. Chile, Colombia, Mexico, Nicaragua na Uruguay zikijumlishwa pamoja hazikufikisha 9,000. Lugha ni moja, wasomaji wapo, mafaili yapo kwenye kompyuta, na sheria inakataza kuyatuma. Sisi tunaosema Kiswahili katika nchi zaidi ya tano tungepaswa kuwa wa kwanza kuuelewa mfano huo.

Mwezi Mei 2009 Brazil, Ecuador na Paraguay ziliweka mezani mjini Geneva rasimu ya mkataba iliyoandaliwa na Shirikisho. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, ukadumu miaka minne. Marekani na Umoja wa Ulaya hazikutaka mkataba wenye nguvu ya sheria. Zilipendelea mapendekezo ambayo nchi ingeweza kuyafuata ikipenda. Wachapishaji wakubwa walihofia kwamba faili likishatolewa kwa asiyeona, kesho litakuwa mikononi mwa kila mtu. Kilichowakasirisha zaidi watetezi wa wasioona ni kuingia kwa makampuni ya filamu ya Marekani, ilhali rasimu ilihusu vitabu. Hofu yao ilikuwa juu ya siku zijazo: leo mkimpunguzia asiyeona masharti ya hakimiliki, kesho atakuja nani? Mashirika yanayotetea miliki ya viwanda nayo yakaandika barua za kupinga, kana kwamba mtoto wa Buigiri akisoma riwaya kiwanda cha mafuta kitapata hasara. Siwezi kuusoma ugomvi huu kwa utulivu. Waliokuwa wakizuia walikuwa na maktaba nzima mlangoni pao.

Septemba 2010 mwanamuziki Stevie Wonder, ambaye naye haoni, alisimama mbele ya wajumbe wa WIPO na kuwasihi wakubaliane. Miaka ikapita. Tarehe 17 Juni 2013 wajumbe zaidi ya 600 wakakusanyika Marrakesh, Morocco, na wiki ya kwanza ikaisha mambo makubwa yakiwa bado yamekwama. Vikao vya faragha viliendelea hadi usiku wa manane, huku wawakilishi wa wasioona wakisubiri nje kuambiwa wenzao wanaoona wameamua nini juu yao.

Mvutano mkali mmojawapo ulikuwa juu ya biashara. Wachapishaji walitaka maktaba, kabla ya kutengeneza au kutuma nakala, ithibitishe kwanza kwamba kitabu hicho hakiuzwi katika namna inayosomeka na asiyeona. Ukilisikia harakaharaka, utadhani ni sharti la haki. Hebu liweke Thika: mkutubi mwenye kompyuta moja anatakiwa ajue kama kitabu fulani kinauzwa kwa sauti katika mji wa nchi nyingine, kwa bei gani, na kama mwanafunzi wa huko anaweza kukinunua. Kwa hofu ya kukosea angeacha kutuma, na mkataba ungekuwa karatasi tupu. Hatimaye sharti hilo likaachwa kuwa la hiari ya kila nchi. Nayo filamu ikaondolewa kabisa.

Tarehe 27 Juni 2013 mkataba ukapitishwa. Siku iliyofuata Stevie Wonder alikuwa Marrakesh, akaimba.

Ulihitaji nchi 20 ziuridhie ndipo uanze kutumika. India ilitangulia mwaka 2014, Canada ikawa ya ishirini mwezi Juni 2016. Katika hizo 20 za mwanzo, bara zima la Afrika liliwakilishwa na Mali peke yake, na hilo ni jambo la kutusikitisha, kwa kuwa njaa ilikuwa yetu. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020.

Wakati wanasheria wakibishana, teknolojia ilikuwa imekwenda mbali. Vijana wawili wasioona wa Australia walianzisha mwaka 2006 programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye kompyuta, nao wakaitoa bure. Ya kulipia ilikuwa ghali kuliko kompyuta yenyewe. Tangu 2009 simu za Android na za iPhone huja na msomaji wa skrini ndani yake. Leo mtu asiyeona anaweza kusikiliza gazeti, kutuma pesa na kujaza fomu kwa simu, mradi tu aliyetengeneza gazeti au fomu hiyo amemkumbuka.

Sheria zetu zimekuwa zikifika wageni wakishaondoka. Sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye huduma ya simu za umma waweke alama za kupapasa kwenye simu zao. Miaka michache baadaye vibanda vya simu vikatoweka mitaani. Ilichukua hadi 2022 kwa Kenya kupata kiwango cha taifa, KS 2952, kinachoeleza namna tovuti na huduma za kidijitali zinavyopaswa kutengenezwa ili kila raia azitumie.

Na jirani yetu Burundi? Iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na kifungu chake cha 30 kinaitaka kila nchi ihakikishe sheria za miliki bunifu hazigeuki kizuizi kisicho cha haki. Tarehe 10 Januari 2018 ikatunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu. Kiswahili kinafundishwa shule za msingi kule, sambamba na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo mtoto asiyeona wa Gishubi, mkoani Gitega, anastahili kitabu cha Kiswahili sawasawa na jirani yake anayeona, na Tanzania na Kenya ndizo zenye vitabu hivyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo kamisheni ya Kiswahili, ina bunge na mawaziri wa elimu. Kuwa na maktaba moja ya pamoja ya vitabu vya Kiswahili vya nukta nundu na vya sauti hakuhitaji vita vingine vya miaka minne. Kunahitaji uamuzi.

Kipo pia kizuizi ambacho hakuna mkataba utakaokiondoa, nacho tunakitengeneza wenyewe kila siku maofisini. Tangazo la kazi huchapwa kwenye kompyuta, likatolewa kwenye karatasi, likapigwa muhuri, kisha likapigwa picha na kusambazwa kwenye simu. Anayeona husoma. Asiyeona akilifungua, simu yake humtajia kwamba hapo pana picha, basi. Jina la nafasi, sifa zinazotakiwa na tarehe ya mwisho, vyote vimefungiwa ndani ya picha hiyo, na maandishi yake halisi yamebaki kwenye kompyuta ya karani.

Wewe unayetoa matangazo ya wizara, halmashauri, shule au kampuni, kabla hujatuma faili, lifungue kwenye simu yako na ujaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Likikataa kuchaguliwa, jua umetuma picha. Rudi kwenye kompyuta, ulitume tena likiwa maandishi.