Karani wa Mahakama na Amana ya Jalada

Mkazi wa Kitendaguro, katika Manispaa ya Bukoba, anapogombania kibanja na nduguze, mtu wa kwanza anayekutana naye mahakamani ni karani. Huyo ndiye anayepokea madai, akayapa namba na kuyaingiza katika rejista, akatayarisha hati za kuwaita wadaawa na mashahidi, na jioni akalirudisha jalada kabatini. Wengi humhesabu kuwa mshika funguo tu. Maulamaa wa fiqhi walimpa daraja kubwa kuliko hiyo, nasi tunapenda kueleza kwa nini.

Asili ya jambo hili ni aya ya deni, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Humo Mwenyezi Mungu (S.W.) ameamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, akamkataza kukataa kuandika, kisha akakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Ndugu msomaji azingatie kwamba wawili hao wametajwa pamoja.

Ama kuandika hukumu zenyewe, Muhammad bin Yusuf al-Kindi, aliyefariki mwaka 350 A.H. (961), amesimulia katika habari za makadhi wa Misri kwamba wa kwanza kufanya hivyo huko alikuwa Sulaym bin Itr, kadhi wa zama za Muawiya. Warithi walishtakiana kwake, akawahukumu, wakaondoka. Baadaye wakakanushana, wakamrudia. Akahukumu tena, na safari hii akaiandika hukumu na kuwashuhudisha wakuu wa jeshi. Chanzo cha sijili hiyo, basi, kilikuwa ugomvi wa mirathi. Watu wa Bukoba hawatashangaa.

Imamu Nawawi (aliyefariki 676 A.H., 1277), ambaye Minhaj yake ilikuwa rejea kubwa ya makadhi wa pwani yetu, ameshurutisha katibu wa kadhi awe Muislamu, mwadilifu, na mjuzi wa kuandika mahdhar, yaani maelezo ya yaliyojiri barazani, na sijili, yaani hukumu. Ujuzi wa fiqhi, akili timamu na hati nzuri ni mambo ya kupendeza. Kisha akasema yapendeza ziandikwe nakala mbili: moja apewe mwenye haki, nyingine ihifadhiwe katika diwani ya hukumu.

Hapo ipo mas-ala ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini. Kadhi akiona karatasi yenye hukumu yake mwenyewe, naye haikumbuki, je, ataitekeleza? Jibu la Minhaj ni kwamba hataitekeleza mpaka akumbuke, kwani hati huigwa na karatasi hubadilishwa. Lakini imetajwa pia rai nyingine katika madhehebu ya Shafi: ikiwa karatasi hiyo imehifadhiwa kwake kwa ulinzi, itategemewa. Rai hiyo inamwelekea karani moja kwa moja. Nguvu ya waraka imefungamanishwa na mahali ulipolala usiku, na mikono iliyoushika.

Mahakama zetu za leo zimejengwa juu ya rai hiyo, hata kama waliozianzisha hawakuifikiria. Chini ya Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929, shauri la Buhaya lililotoka barazani kwa Mukama liliweza kupanda kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkuu wa Jimbo na hatimaye kwa Gavana, watu ambao hawakuwahi kuwaona mashahidi wa mwanzo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilileta Mahakama za Mwanzo, zinazoendeshwa kwa Kiswahili, na asiyeridhika akapewa siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hakimu ndiye anayeandika mwenendo wa shauri. Katika hilo karani wetu ametofautiana na katibu wa zamani. Lakini hakimu huhamishwa na wazee wa baraza hufariki. Linalobaki ni jalada.

Tutazame mirathi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumni. Ikiwa maombi ya mwanzo yamenyamaza juu ya dini ya marehemu na namna alivyoishi, au ukurasa huo umechomoka jaladani, tofauti kwake ni ya thumni au patupu.

Mfano ulio wazi zaidi umetoka Muleba. Tarehe 24 Agosti 1988 mwanamke aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake jamaa wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza. Kashasha ikabatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua. Shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza, ambako tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba wanawake wana haki ya kuuza sawa na wanaume.

Uamuzi huo husifiwa kwa upande wa haki za wanawake, nao unastahiki. Sisi tunaongeza jambo dogo. Jaji hakuwa Kashasha wala hakuiona pesa ikihesabiwa, lakini alimpa mdai miezi sita ya kulikomboa shamba kwa bei ile ile ya shilingi 300,000. Bei hiyo na tarehe zile zilimfikia ndani ya jalada, baada ya kupita makabati ya mahakama mbili. Na kazi ya kusimamia malipo aliirudisha kwa mahakama iliyolisikiliza shauri mwanzo, huko huko Kashasha.