Shimo na Dungu

Nilikuwa na miaka tisa nilipoona choo kikitapika. Ilikuwa masika, nyumbani kwa bibi pembezoni mwa Ifakara, upande ambao Mto Lumemo hupita ukitoka milimani. Asubuhi tuliamka maji yakiwa yamefika kizingitini, na juu yake yanaelea magunzi ya mahindi. Magunzi yale nilikuwa nayajua. Siku zote yalikaa kwenye ndoo chooni, yalikuwa ndiyo karatasi yetu. Bibi alitupandisha kitandani, akakataza mtu yeyote kushuka mpaka maji yapungue.

"Hayo si maji ya mvua tena, wajukuu zangu," alisema.

Tulikaa juu ya kitanda siku nzima. Nilipokuwa mkubwa nilisikia watu wa Dar es Salaam wakitumia neno "kutapisha" kwa wenye nyumba wanaofungulia choo kilichojaa wakati mvua inanyesha, uchafu uondoke na maji. Bondeni kwetu hakuna haja ya kukitapisha choo. Kinatapika chenyewe.

Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito mingi hushuka huko na kumwaga maji kwenye tambarare ambayo kila masika hugeuka kuwa ziwa lenye nyasi. Tangu mwaka 2002 ardhi oevu hii imo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Wandamba na majirani zao walijifunza zamani kuishi na maji haya. Waliyavua samaki, wakalima mpunga kwenye tope lake, na msimu wa kilimo ulipofika walihamia mbugani na kulala kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo. Dunguni mtu hulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yakija hupita chini yake.

Elimu ya afya ilipofika bondeni ilikuja na neno moja: chimba.

Ilikuwa na sababu nzuri. Safura ilikuwa ikiwamaliza watu damu. Mayai ya mnyoo wake hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kisha viluwiluwi hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Mkulima wa mpunga anayefanya kazi peku ni windo rahisi. Rudolf Geigy, mwanazuolojia kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 taasisi yake ikafungua hapa maabara ndogo ya utafiti. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Kwa hiyo mji wetu, ambao wengine wanaujua kwa mchele tu, umekuwa ukipimwa kinyesi na damu kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1973 neno "chimba" likapata redio. Kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza na kujadili kwa wiki 12. Walisoma vijitabu, wakazungumzia malaria, kuhara, safura na kichocho, kisha wakatoka na majembe kufyeka majani na kuchimba vyoo. Ni kazi ya kuheshimiwa. Wazazi wetu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza, tena kwa lugha yao, kwamba mtoto kufa kwa kuhara si lazima.

Lakini redio ilisema na nchi nzima kwa sauti moja. Shimo refu linalofaa kwenye mlima mkavu, bondeni kwetu hukutana na maji kabla mchimbaji hajazama hadi kifuani. Isitoshe, vijiji vya ujamaa viliwekwa kandokando ya barabara, ilhali mashamba yalibaki mbugani. Miezi ya mvua, yaani miezi ambayo udongo ni hatari kuliko wakati wote, choo kilikuwa kijijini na familia ilikuwa dunguni. Mkaguzi akipita angehesabu choo, na hesabu ingekuwa sahihi.

Kuanzia mwaka 1982, watafiti wa Uswisi na Tanzania waliwafuatilia watoto wa Kikwawila, kijiji kilicho karibu na Ifakara. Pamoja na wanakijiji waliendesha kampeni ya vyoo na kugawa dawa ya minyoo. Dawa humtoa mnyoo aliyemo tumboni, lakini haimzuii anayesubiri kwenye udongo, na huyo ndiye aliyehitaji choo. Mwaka 1997 kipindupindu kikaingia Ifakara. Waliochunguza mlipuko ule walikuta hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliooga mtoni, walioishi mbali na maji na waliokula samaki wakavu, na walimpata bakteria katika chanzo kikuu cha maji cha mji. Mtu anayeishi bondeni haoni ajabu kusikia hivyo. Mto, kisima na choo huku kwetu havikai mbalimbali kama katika mchoro wa kitabu.

Jambo linalonikera ni kwamba jibu lilikuwa limeshaandikwa, na mmoja wa walioliandika alikuwa Mtanzania. Mwaka 1978 msanifu majengo Uno Winblad wa Sweden na Wen Kilama, mtaalamu wa vimelea aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa NIMR, walitoa kitabu kuhusu vyoo visivyotumia maji. Miongoni mwa waliyoyaeleza ni choo cha vyumba viwili kilichoenezwa na wizara ya afya ya Vietnam Kaskazini miaka ya 1950, katika nchi nyingine ya mpunga na mafuriko.

Choo hicho hakichimbwi, kinajengwa juu ya ardhi. Chini ya sakafu kuna vyumba viwili vya matofali na sakafu ya chini imesakafiwa. Mkojo unapitia mfereji wake hadi kwenye chombo, na kinyesi kinaangukia chumba kimoja na kufunikwa kila mara kwa majivu. Chumba kikijaa kinazibwa, familia inahamia cha pili. Ukavu, majivu na muda ndivyo vinavyofanya kazi. Mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu kuliko vimelea vingi, kwa hiyo katika joto kama letu Shirika la Afya Duniani linashauri kuhifadhi zaidi ya mwaka mzima kabla ya kutumia. Mwishoni unachota kitu kinachonukia udongo, ambacho ni mboji. Mkojo, wenye sehemu kubwa ya naitrojeni inayotoka mwilini, ni mbolea ya mahindi na migomba.

Malighafi yake imejaa Ifakara. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga kuna kilima cha pumba, na pumba hizo ndizo zinazochomea matofali na kuacha majivu.

Kwa nini basi havikuenea? Saruji ni ghali, hilo ni kweli. Tena sisi wengi hutawadha kwa maji, na choo hiki hakitaki maji, hivyo lazima kiwe na mahali pa pembeni pa kutawadhia. Esnati Chaggu, aliyeandika tasnifu yake mwaka 2004 kuhusu kuboresha vyoo vya shimo, alishughulika na tatizo hilohilo la maji ya ardhini katika mitaa ya Dar es Salaam. Lakini kikwazo kikubwa nilikikuta nyumbani, nilipomweleza mjomba habari hizi baada ya mafuriko ya 2024. Alikuwa anajiandaa kuchimba shimo la tatu.

"Choo juu kama ghala?" alicheka. "Wapita njia watasemaje?"

Bibi alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. "Kitanda juu," alisema. "Kuku juu, mpunga juu. Nimelala dunguni tangu sijaolewa. Humu ndani kilichobaki chini ni choo peke yake, ndiyo maana kinatufuata."

"Na nani atakizoa, mama?"

"Aliyekula."

Tulicheka wote, lakini swali la mjomba ni la haki. Hakuna anayetaka kuzoa kinyesi. Choo cha vyumba viwili kinamwomba azoe udongo, baada ya mwaka, kwa koleo, mchana kweupe. Choo chetu cha shimo kimekuwa kikituzolesha kinyesi chenyewe, kila masika, kwa miguu mitupu.

Miaka ya karibuni kampeni imekuwa Nyumba ni Choo, na ni kaulimbiu nzuri. Ningeomba tu afisa afya anayekuja bondeni, kabla ya kuuliza kama kuna choo, atazame ukutani. Nyumba ya bibi ina mistari ya matope inayoonyesha maji ya kila mwaka yalifika wapi. Mstari wa juu kabisa unanifika kiunoni. Sakafu ya choo inapaswa kuanzia hapo.