Kura na Ungamo katika Sinodi ya Missouri

Mwishoni mwa mwezi Mei, 1839, mzee wa miaka 61 alivushwa kwa mashua katika Mto Mississippi na kuachwa ng'ambo ya pili, upande wa Illinois. Alikuwa Martin Stephan, aliyepata kuwa mchungaji mashuhuri mjini Dresden. Waliomvusha ndio walewale ambao, mwezi Januari wa mwaka uleule, wakiwa bado melini, walimtawaza kuwa askofu wao, na baadaye wakamwekea ahadi ya utii. Sasa walimtuhumu kwa uasherati na kwa ubadhirifu wa mali ya jumuiya. Stephan hakurudi tena kwao. Alifariki Illinois mwaka 1846, mwaka mmoja kabla ya kuasisiwa kwa kanisa ambalo, kwa namna ya ajabu, kuanguka kwake ndiko kulikolizaa.

Watu hao walikuwa Walutheri wa Saxony. Waliihama nchi yao kwa kuona kwamba kanisa la dola lilikuwa limeiweka akili ya binadamu juu ya Maandiko, na kwamba mimbarini palihubiriwa maadili mema tu bila ya imani ya mababu. Waliondoka Novemba 1838, kiasi cha watu 700 katika majahazi matano. Moja kati ya hayo, Amalia, halikuonekana tena. Wengine waliteremka New Orleans, wakapanda mto hadi Missouri, wakanunua ardhi katika wilaya ya Perry, na huko ndiko walikopatwa na fedheha ya kiongozi wao. (Msomaji wa pwani yetu aliyewahi kukutana na Mlutheri wa Kilimanjaro huenda akapenda kujua kwamba misheni iliyofika huko mwaka 1893, ijulikanayo kwa jina la Leipzig, nayo iliasisiwa Dresden, mwaka 1836. Chemchemi ilikuwa katika nchi moja, ijapokuwa mito ilikwenda mbali mbali.)

Lililowatesa wahamiaji hao baada ya Stephan kuondoka halikuwa njaa wala homa tu, ingawa hayo nayo yalikuwapo. Waliteswa na swali: je, wao ni kanisa? Walikuwa wamefundishwa kwamba kanisa liko pale alipo askofu. Basi askofu alipodhihirika kuwa si lolote, wachungaji waliobaki walikuwa na haki gani ya kubatiza na kuozesha? Wapo waliotaka kurudi Ujerumani kuomba radhi. Mwezi Aprili 1841, katika makazi yao ya Altenburg, ulifanyika mjadala wa hadhara. Upande mmoja alisimama mwanasheria Adolph Marbach. Upande wa pili alisimama kijana C.F.W. Walther, ambaye alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Walther alishika hoja moja, nayo ikatosha: kanisa ni waumini wanaolisikia Neno na kuzipokea sakramenti, kiongozi akianguka, kanisa halianguki pamoja naye, maana halikuwa limesimama juu yake. Watu wakapumua.

Mwaka 1847, mjini Chicago, kuliasisiwa sinodi ya Kijerumani ya Missouri, Ohio na majimbo mengine, na Walther akawa rais wake wa kwanza. Katiba yake ilibeba kovu la Stephan. Sinodi haikupewa mamlaka ya kuzitawala sharika; ilikuwa chombo cha ushauri, na silaha yake pekee ni Neno la Mungu na uwezo wa kushawishi. Waliojiunga walifungwa na mambo mawili tu, yaani Maandiko Matakatifu na maungamo ya Kilutheri ya karne ya 16. Rais alikuwa mtumishi wa ungamo, si mwandishi wake.

Mpango huo ulikuwa mzuri kwa muda wote ambao watu waliyasoma maungamo kwa jicho moja. Kwa kizazi kimoja na zaidi hali ilikuwa hivyo, kwa kuwa walimu wote walitoka katika chungu kimoja na lugha yao ya Kijerumani iliwazungushia ukuta. Vita Kuu ya Kwanza vikaubomoa ukuta ule. Kiingereza kikaingia mimbarini na madarasani, na pamoja nacho vikaingia vitabu, shahada za vyuo vikuu na maswali. Hapo likazuka jambo ambalo katiba ya 1847 haikulitolea jibu: watu wawili wakilikiri ungamo moja kwa maneno yaleyale, kisha wakalielewa kwa namna mbili, nani aamue?

Jibu la kwanza lilikuwa kuandika tamko. Mwaka 1932 sinodi ilipitisha tamko fupi la imani, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na Franz Pieper, rais wa zamani, ambalo lilisisitiza kutokosea kwa Maandiko na kuumbwa kwa dunia kwa siku sita. Je, tamko hilo lilimfunga mwalimu kama maungamo yenyewe yanavyomfunga? Mwaka 1959 mkutano mkuu ulisema ndiyo. Mwaka 1962 mkutano mkuu ukasema kwamba uamuzi wa 1959 ulikuwa kinyume cha katiba, kwa sababu ulikuwa umeongeza msingi wa imani kwa mlango wa nyuma. Miaka mitatu tu ilipita baina ya ndiyo na hapana. Wasomaji waliolelewa katika elimu ya dini visiwani humu wanaijua ijmaa na mijadala yake: ni wepi ambao makubaliano yao ni hoja, na kwa masharti gani? Walutheri wa Missouri walilifikia swali lililo jirani na hilo bila ya kuwa na elimu ya usuli ya kuwaongoza. Walikuwa na kura tu.

Mkutano huo wa 1962 ulimsikia pia Martin Scharlemann, profesa wa seminari ya Concordia huko St. Louis, akiomba radhi kwa fadhaa iliyoletwa na maandishi yake kuhusu makosa yaliyomo katika Maandiko. Jina hilo lafaa kukumbukwa. Mwaka huohuo Herman Otten, mhitimu ambaye seminari hiyohiyo ilikataa kumthibitisha kwa kazi ya uchungaji, alianzisha gazeti lililowaanika maprofesa wiki baada ya wiki, likisomwa hata na waliolilaani.

Julai 1969, mjini Denver, wajumbe walimwondoa rais wao Oliver Harms na kumchagua J.A.O. Preus. Harms hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto kwa kipimo chochote cha nje ya sinodi. Kosa lake machoni pa wengi lilikuwa kutaka ushirika wa madhabahu na mimbari na kanisa jingine la Kilutheri la Marekani, lililokuwa na msimamo laini zaidi. Cha kushangaza ni kwamba wajumbe walewale waliomkataa Harms waliupitisha ushirika alioutaka, na juu yake wakaziruhusu sharika kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Anayedhani kwamba wapiga kura wa kanisa huwa na nia moja na autafakari mkutano wa Denver.

Preus alikuwa mtoto wa gavana wa zamani wa Minnesota, msomi wa Kilatini na Kigiriki, na mfasiri. Tafsiri yake ya kitabu cha Martin Chemnitz juu ya asili mbili za Kristo, iliyotoka mwaka 1971 katikati ya patashika, ni kazi ya mtu aliyeyapenda maandishi ya kale kwa dhati, na si haki kumchora kama mwanasiasa mtupu. Lakini siasa aliijua pia. Mwaka 1970 aliunda kamati ya kuchunguza mafundisho ya Concordia, na Machi 1972 akatoa tamko lake mwenyewe la kanuni za Maandiko na ungamo. Humo ilielezwa, pamoja na mengine, kwamba Adamu na Hawa walikuwa watu halisi wa historia, na kwamba uhakiki unaoyapima Maandiko kama kitabu kingine chochote haukubaliki.

Kiini cha ugomvi kilikuwa chembamba kuliko kelele zake. Walimu wengi wa Concordia, wakiongozwa na rais wa seminari John Tietjen, hawakukana ufufuo wala uungu wa Kristo. Walisema kwamba Injili ndiyo kipimo, na kwamba msomi aweza kuuliza iwapo habari ya Yona ni historia au ni mfano bila ya kuigusa Injili. Upande wa Preus ulijibu kwamba anayeichambua Yona leo hana kizuizi cha kumsimamisha kesho atakapofika kaburini Jumapili ya Pasaka. Hoja hiyo ina uzito, na waliyoicheka hawakuitendea haki. Hata hivyo walimu walikuwa na hoja ya pili, nayo ndiyo iliyorudi moja kwa moja Altenburg: hata kama tamko la rais ni sahihi neno kwa neno, nani alimpa rais, au hata mkutano mkuu, mamlaka ya kulifanya kuwa kipimo juu ya maungamo?

New Orleans, bandari ileile waliyoteremkia Wasaksoni, ndiko swali hilo lilikokatwa Julai 1973. Tamko la Preus lilipitishwa kwa kura 562 dhidi ya 455. Azimio jingine likahukumu kwamba mafundisho ya walimu walio wengi hayavumiliki kanisani. Mtu mwenye sikio la maneno atatambua kwamba lugha ya hukumu hiyo iliazimwa kutoka katika maungamo ya 1577; silaha ya mababu ilitumiwa juu ya wajukuu wao. Na kura 455 si kikundi cha wachache wakorofi. Ni karibu nusu ya ukumbi.

Januari 1974 Tietjen alisimamishwa kazi. Wanafunzi wakagoma kuingia darasani hadi waambiwe ni mwalimu gani anayefundisha uzushi na uzushi huo ni upi. Walimu wakaungana nao. Bodi ikawapa walimu siku ya mwisho ya kurudi kazini, na tarehe 19 Februari walimu na wanafunzi walitoka kwa maandamano. Kabla ya kuondoka walisimika uwanjani misalaba iliyoandikwa majina yao, kisha wakaliziba lango kwa mbao zenye neno lililosema kwamba wamehamishwa. Kati ya walimu 50 walibaki watano. Kesho yake masomo yaliendelea kwenye madarasa ya kuazima, mengine katika Chuo Kikuu cha St. Louis, ambacho ni cha Wajesuiti, shirika lililozaliwa katika zama zilezile za ugomvi na Luther.

Maandamano yana shangwe yake, na picha za siku ile zinaionyesha. Gharama ilikuja baadaye. Walimu waliokaa katika nyumba za seminari walitakiwa kuhama. Vijana waliosoma miaka mingi kwa ajili ya kazi moja walijikuta wakihitimu katika chuo kisichotambuliwa na kanisa lao, na bila ya uthibitisho hakuna usharika ulioweza kuwaita kwa utaratibu. Baadhi ya marais wa majimbo waliwawekea mikono hata hivyo. Aprili 1976 Preus aliwaondoa wanne miongoni mwao madarakani. Desemba mwaka huo waliojitenga wakaunda kanisa lao, lenye sharika zipatazo 250 na watu laki moja hivi. Wengi waliowaonea huruma hawakuwafuata. Mtu huacha hoja kwa urahisi kuliko anavyoacha kanisa alimozikwa mama yake. Kanisa hilo dogo lilikuwa mchochezi wa muungano ulioanza kazi mwaka 1988, wa kanisa kubwa kabisa la Kilutheri nchini Marekani. Ushirika uliopitishwa Denver Missouri iliukata mwaka 1981.

Na wale watano? Rais wa muda wa seminari alikuwa Scharlemann, yuleyule aliyeomba radhi mwaka 1962. Ralph Bohlmann akawa rais wa sinodi mwaka 1981. Robert Preus, mdogo wake rais, akapewa kuiongoza seminari ya pili ya sinodi, iliyohamia Fort Wayne mwaka 1976. Wawili hawa waliosimama bega kwa bega mwaka 1974 hawakudumu hivyo. Mwaka 1989 Robert Preus alistaafishwa kwa nguvu, Bohlmann akiwa rais, na kesi za rufaa zikaligawa upya kanisa lililodhaniwa kuwa limeshasafishwa. Mwaka 1992 Bohlmann akashindwa na Alvin Barry, mtu wa msimamo mkali zaidi. Barry alifariki madarakani mwaka 2001, na mwaka huohuo akachaguliwa Gerald Kieschnick, aliyehesabiwa kuwa wa wastani. Siku chache baada ya mashambulizi ya Septemba mwaka huo, mmoja wa marais wa majimbo, David Benke, aliomba dua katika uwanja wa Yankee mjini New York pamoja na viongozi wa dini nyingine. Alisimamishwa mwaka 2002 kwa kuchanganya imani, akarudishwa mwaka 2003.

Kieschnick aliona kwamba sinodi haiwezi kuendeshwa kwa mabishano ya namna hiyo. Alipeleka katika mkutano mkuu wa Houston, mwaka 2010, mpango wa kuziunganisha idara na kuziweka chini ya ofisi ya rais kwa kiasi ambacho Walther asingekitambua. Wajumbe waliyapitisha mengi ya mapendekezo hayo. Katika mkutano huohuo wakamnyima urais yeye mwenyewe na kumpa Matthew Harrison, ambaye wengi wa waliomuunga mkono walikuwa wameupinga mpango ule. Harrison akazirithi idara zikiwa zimekwisha kuunganishwa, akachaguliwa tena mwaka 2013, 2016, 2019 na 2023.