Mbina: Wimbo wa Mwaka Jana Haushindi

Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, washairi na wachoraji waliokimbilia Zürich walianzisha Dada, sanaa ya kuidhihaki dunia iliyokuwa ikijiteketeza. Vita hivyohivyo vilipita Tanganyika, na askari na wapagazi wakaisambaza Beni, ngoma ya pwani yenye vyeo, sare na magwaride ya kumwigiza mkoloni. Wasukuma wa Bariadi, Maswa na Magu walikuwa na chao tayari. Tangu karne ya 19, Ngika na Gumha walipoasisi vyama viwili hasimu, Wagika na Wagalu, ngoma yao, mbina, imesimama juu ya mashindano.

Kanuni yake ni kali. Vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na mwamuzi ni umati: unakomiminika, huko ndiko kwenye ushindi. Kila upande huwa na mganga wake wa samba, dawa ya kuvuta watu, lakini sidhani kama kuna mganga awezaye kuuokoa wimbo uliokwisha kuchuja. Kwa hiyo manju, mtunzi na kiongozi wa kikundi, hana budi kubuni. Mamanju wakaingiza chatu, wakaingiza fisi, wakachonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza. Siasa nayo ikawa mali ghafi, kwa kuwa hakuna kilichokuwa kipya kuizidi.

Serikali ya kikoloni ilikizuia chama cha TANU kuendesha matawi yake Kanda ya Ziwa tangu 1954 hadi 1958. Uhuru ulipopatikana mambo yakageuka: Sabasaba, siku ya kuzaliwa kwa chama, iliangukia msimu wa mbina baada ya mavuno, na mamanju wakamwimba Nyerere, wakaliimba Azimio la Arusha la 1967.

Ninavyoona mimi, aliyewapunguza mamanju makali si mkoloni, ni jukwaa. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, Bariadi ikawa makao makuu yake, na kati ya 2018 na 2020 Nanenane ya kitaifa ikafanyika mkoani humo, Nyakabindi. Ni heshima kubwa. Ila kwenye sherehe za namna hiyo kila kikundi hupewa dakika zake: kinapanda, kinacheza mbele ya mgeni rasmi, kinashuka. Hakuna hasimu pembeni wa kukunyang'anya watazamaji, na aliyetunga jipya hupigiwa makofi yaleyale ya aliyerudia la zamani.