Usimamizi wa Nyongeza wa Mirathi

Usimamizi wa nyongeza wa mirathi ni shauri ambalo, katika sheria za Marekani, hufunguliwa kwenye jimbo ambamo marehemu aliacha ardhi au nyumba ingawa hakuwa mkazi wake. Chimbuko lake ni kanuni, iliyorithiwa kutoka Uingereza, kwamba mali isiyohamishika hutawaliwa na sheria ya mahali ilipo, ilhali inayohamishika, kama vile fedha za benki, hufuata sheria ya makazi ya marehemu. Hivyo, pasipo wosia, warithi wa shamba huenda wasiwe wale wa akiba. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa katika jimbo la makazi huwasilisha katika mahakama ya mahali mali ilipo nakala zilizothibitishwa za wosia, kama upo, na za hati ya uteuzi wake. Sheria ya mfano ya mirathi ya 1969, iliyopokewa na baadhi tu ya majimbo, hulegeza utaratibu huo. Umiliki wa pamoja unaompa aliyesalia mali yote huuepusha, lakini hadi afe mmiliki wa mwisho tu.