Kukwama na Kufunga: Historia Fupi ya Programu Zisizoitikia

Mwalimu mwenzetu mmoja hapa Bujumbura alikuwa akiingiza alama za mtihani katika simu yake. Mara programu ikanyamaza, akaigusa, isiitikie. Akaifunga kwa nguvu kama alivyozoea, na alama za darasa zima zikatoweka. Alipotusimulia mkasa huo, kila mmoja wetu alikuwa na neno lake: huyu alisema programu iliganda, yule kwamba iligoma, wa tatu kwamba ilikwama. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno alichagualo mtu huongoza tendo lake, na kwamba historia ya mitambo yenyewe yatusaidia kuchagua.

Tuanze na maneno. Maziwa huganda, na damu huganda. Kilichoganda kimekuwa kigumu chenyewe. Anayegoma ana ukaidi, naye hustahili kulazimishwa. Lakini gari lililozama matopeni wakati wa mvua, katika barabara za Buyenzi au Kamenge, twasema limekwama. Injini yake yaweza kuwa nzima kabisa. Liko jambo linaloizuia. Je, programu isiyoitikia ni ipi kati ya hizo tatu?

Kompyuta ndogo ya IBM ilipotolewa mwaka 1981, mhandisi David Bradley aliiwekea njia ya kuiwasha upya kwa kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Vilipangwa kwa makusudi hivi kwamba mtu asiweze kuvibonyeza kwa bahati mbaya. Dawa hiyo ilikuwa kali: programu moja ikikwama, mtambo mzima ulianza upya, na kazi yote ambayo haijahifadhiwa ilipotea.

Mwaka 1991 kampuni ya Apple, katika mfumo wake wa System 7, iliwawezesha watu kufunga kwa nguvu programu moja tu na kuziacha nyingine. Hata hivyo, matatizo hayakwisha. Enzi hizo programu nyingi zilipeana zamu kwa hiari, mithili ya foleni bombani. Aliyetangulia akikataa kuondoa ndoo yake, wote hungoja. Windows NT ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1993, ilikuwa miongoni mwa mifumo iliyoweka msimamizi wa kukata zamu. Mwaka 1996 toleo lake la 4.0 likaleta dirisha linaloorodhesha programu zilizo kazini, ili mtu achague ya kusimamisha.

Simu zetu zimerithi hekima hiyo. Katika simu za Android, ambazo ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, programu isipoitikia kidole kwa muda wa sekunde 5 hivi, mfumo humwuliza mwenye simu: asubiri, au aifunge? Tena nafasi ya kumbukumbu ikipungua, mfumo wenyewe huziondoa programu zilizokaa bila kutumiwa. Kwa hiyo kazi ya kufagia, ambayo zamani ilikuwa ya mtumiaji, sasa hufanywa na mtambo.

Hata hivyo mazoea hayafi upesi. iPhone ilipopata orodha ya programu zilizotumika karibuni, mwaka 2010, wengi walidhani kwamba kila kilichomo humo kinakula betri. Wakaanza kufunga zote, asubuhi na jioni. Machi 2016 Craig Federighi, mkuu wa programu katika Apple, aliulizwa na mtumiaji mmoja kama yeye hufanya hivyo, na kama kunaokoa betri. Akajibu la kwa maswali yote mawili. Sababu yake si ngumu: programu iliyofungwa, ikifunguliwa tena, huanza kazi yake mwanzo, nayo hutumia nguvu zaidi. Katika mji kama wetu, ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hasara hiyo si ndogo.

Basi neno lililo karibu na ukweli ni kukwama. Mara nyingi programu inangoja kitu: mtandao ulio dhaifu, au nafasi ya kumbukumbu. Aliyekwama kwanza hutazamwa kinachomzuia, ndipo avutwe.

Na neno kufunga nalo lataka kupambanuliwa, kwani tumelibebesha matendo matatu. La kwanza ni kuiacha programu kwa kurudi mwanzo wa simu, nayo ikabaki nyuma. La pili ni kuifunga, yaani kuifungua orodha ya programu za karibuni na kuisukuma itoke. La tatu ni kuisimamisha kwa nguvu: kuingia Mipangilio, kisha Programu, kuichagua hiyo iliyokwama, na kuilazimisha ikome. Hili la tatu ni la mwisho, baada ya kusubiri kidogo na baada ya lile la pili kushindikana. Na yeyote alitumiaye ajue kwamba asichokihifadhi huenda asikione tena.

Kazi ya kuyapa maneno haya makao katika Kiswahili haikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili. Leo mwenye simu ya Android aweza kuchagua Kiswahili kuwa lugha ya simu yake. Hapa Burundi, ambapo Kirundi, Kifaransa na Kiingereza ndizo lugha rasmi, wanafunzi wetu wengi huzisoma amri za simu kwa Kifaransa, kisha huzieleza kwa Kiswahili cha mtaani. Huko ndiko matendo matatu hugeuka kuwa neno moja.

Twawaomba walimu wenzetu walijaribu somo hili darasani: waulizeni wanafunzi simu zao hufanyaje zisipoitikia, mwandike ubaoni maneno yao, kisha mjadili lipi linaeleza kweli kilichotokea. Mwenzetu aliziandika alama zake upya, usiku kucha, kutoka katika karatasi za mitihani. Siku hizi, programu yake ikinyamaza, hungoja kwanza.